Ulinzi wa mtoto kwenye programu yetu: maswali ambayo wazazi na walezi huuliza

Ukurasa huu ni wa wazazi na walezi wenye watoto wa miaka 9 hadi 17 kwenye programu yetu ya Jumamosi na ya likizo hapa Dar es Salaam: soka, netiboli, ngoma na kompyuta. Tumeyaweka maswali kama yanavyoulizwa getini na kwenye kikao cha usajili, kwa hiyo mengine yana majibu marefu na mengine mistari miwili. Kama umekuja hapa kwa sababu jambo limetokea leo, ruka yote na usome swali linaloanza "Mwanangu ameniambia".

Hiyo sera ni kitu gani hasa, na kwa nini mnataka saini yangu?

Ni maandishi yanayosema mtu mzima wa programu anaruhusiwa kufanya nini akiwa na watoto, nini ni marufuku, na kasoro ikitokea nani anaambiwa na ndani ya muda gani. Wewe unapewa muhtasari wa kurasa mbili. Nakala kamili iko ofisini. Isome, ipige picha, uondoke nayo.

Saini yako inathibitisha mambo matatu tu: kwamba umesoma kanuni, umetaja watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na umesema kama unaridhia apigwe picha. Haituondolei lawama. Zipo fomu zinazozunguka zenye maneno kama "mzazi anakubali kwamba programu haitawajibika kwa lolote litakalompata mtoto". Ukikutana na sentensi hiyo popote, hata kama programu ni ya bure na ina jezi nzuri, weka kalamu chini kwanza uulize.

Mwanangu ana miaka 17 na ameshaota ndevu. Naye anahesabiwa mtoto?

Ndiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Swali hili huwa na maana zaidi kwa wasichana, kwa hiyo tuseme wazi: mwezeshaji wetu akiwa na uhusiano wa kimapenzi na mshiriki wa umri huo, kazi imekwisha siku hiyo. Na ikiwa amefanya naye mapenzi, Kanuni ya Adhabu inaliita jambo hilo kubaka; binti kusema alikubali hakubadilishi kitu, wala barua ya posa iliyofika nyumbani haibadilishi kitu.

Umri unalegeza kanuni sehemu moja tu: mshiriki wa miaka 15 na kuendelea anaweza kuondoka mwenyewe baada ya mazoezi, kama mzazi ameandika hivyo kwenye fomu.

Kocha tunamfahamu tangu mdogo, na ni mtu wa dini. Kanuni zote hizi si kumvunjia heshima?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na huulizwa kwa nia njema. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wengi walifanyiwa na mtu wanayemfahamu. Kwa hiyo sera inayosema "tuwe macho na watu wasiojulikana" inalinda mlango ambao mwizi hapiti.

Anayetaka kumdhuru mtoto mara nyingi huanza na wazazi. Anasaidia nauli, analeta viatu vya mpira, anakuja kusalimia, anasifiwa. Kisha mtoto anaanza kupewa nafasi ya pekee: mazoezi ya ziada peke yake, soda ambayo wenzake hawapati. Baadaye zinakuja siri ndogo, kama "usimwambie mama nimekuachia simu yangu ucheze gemu". Siri hiyo ndogo ni jaribio. Mtoto akiitunza wiki mbili bila mtu kugundua, mtu huyo ameshajua kwamba na kubwa itatunzwa.

Kanuni zetu zinakata njia hiyo mapema, kabla hatujalazimika kujua nia ya mtu. Ndiyo maana zinamhusu mwenyekiti wa bodi sawasawa na kijana aliyeanza kujitolea juzi. Kocha mwadilifu hapotezi kitu. Tena zinamkinga: asiyekaa peke yake na mtoto ni vigumu kusingiziwa.

Mnawachunguza vipi kabla ya kuwapokea?

Kila anayekuja, awe wa mshahara au wa kujitolea, huleta kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, majina ya wadhamini wawili wasio ndugu zake, na cheti cha polisi kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Anahojiwa na watu wawili. Kisha ana miezi mitatu ya majaribio, na katika miezi hiyo hasimamii kundi bila mzoefu pembeni.

Kila kimoja kina udhaifu wake. Barua ya mtaa inathibitisha mtu anaishi wapi, basi. Cheti cha polisi kinaonyesha yaliyofika polisi, na mengi hayafiki. Tunachokiamini zaidi ni simu. Tunampigia mtu wa mwisho aliyefanya naye kazi, hata kama ameleta barua nzuri yenye muhuri, na tunauliza kwa nini aliondoka, na kama wangempokea tena akae na watoto. Kinachoharibu mfumo huu ni tabia ya taasisi kumwondoa mtu kimya kimya na kumpa barua ya pongezi ili aende zake. Anakwenda zake kweli, kwa watoto wengine. Sisi hatuandiki barua ya namna hiyo, na tukipigiwa simu tunasema tulichonacho kwenye maandishi.

Kanuni ya "watu wazima wawili" inafanyaje kazi?

Hakuna shughuli inayoanza bila watu wazima wawili waliopitishwa kuwapo, hata kama waliofika ni watoto watano. Kwa watoto wa miaka 9 hadi 12 tunataka mtu mzima mmoja kwa kila watoto 8. Kwa miaka 13 hadi 17, mmoja kwa kila 10. Penye wasichana, mmoja wao lazima awe mwanamke. Msaidizi wa miaka 17 hahesabiwi, hata akiwa hodari kiasi gani.

Si lazima wote wawili wawe chumba kimoja. Lazima waonekane. Mwezeshaji akihitaji kuzungumza na mtoto kwa faragha, wanakaa pale ambapo wengine wanawaona ingawa hawawasikii: ngazi ya uwanja, baraza, chumba chenye mlango wazi. Chumba cha kompyuta kina vioo kwa sababu hiyo, na mapazia tuliyaondoa ingawa jua la alasiri linasumbua.

Kanuni hii huvunjika siku za mvua. Barabara imejaa maji, mwezeshaji mmoja amekwama kwenye foleni, watoto kumi na wawili wameshafika, na aliyepo anajiambia "si nusu saa tu". Jibu letu ni kwamba mazoezi hayaanzi. Watoto wanakaa barazani, mahali pa wazi mbele ya mlinzi na majirani, tunaita mtu wa akiba, na asipopatikana ndani ya dakika 45 tunawapigia simu mje kuwachukua. Tunajua inaudhi ukiwa umempandisha mtoto daladala mbili. Tutaendelea kukuudhi.

Na vyoo, kubadilisha nguo, au mtoto akiumia?

Watu wazima hawabadilishi nguo pamoja na watoto wala hawaingii chumba hicho watoto wakiwamo. Wakigombana humo ndani, watu wazima wawili hugonga, hutamka kwamba wanaingia, kisha huingia. Simu haziingii kwenye chumba hicho kabisa, za watoto wala za wakubwa. Mtoto akija na jezi ameivaa ndani ya nguo zake tangu nyumbani, mnaturahisishia.

Huduma ya kwanza hutolewa mbele ya mtu mzima wa pili. Mtoto anaambiwa kwanza kinachotaka kufanywa: "nitashika goti lako, nione kama limevimba". Jeraha likiwa paja la juu, nyonga au kifua, hufunikwa na mtoto hupelekwa zahanati. Kocha hafanyi masaji. Kila jeraha, hata mchubuko, linaandikwa kwenye daftari na wewe unasaini unapokuja kumchukua. Usiposainishwa na ukaona kidonda nyumbani, tupigie siku hiyohiyo.

Kocha anaruhusiwa kuwa na namba ya simu ya mtoto?

Hapana. Taarifa zote hupitia kundi la WhatsApp la wazazi. Washiriki wa miaka 13 na kuendelea wana kundi lao, lakini ndani yake wamo waratibu wawili na mzazi yeyote anayetaka kuingia. Hakuna ujumbe kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kocha hatakiwi kumtumia mtoto ujumbe binafsi, kumfuata kwenye mitandao ya kijamii, wala kumtumia pesa au vocha, hata ya nauli. Nauli ikihitajika inatumwa kwa mzazi na ofisi.

Mtoto naye anaweza kuanza. Anaipata namba kwa rafiki, anatuma salamu. Mwezeshaji anapaswa kujibu mara moja tu, kwa maneno tuliyokubaliana ("ujumbe huu nimeupeleka kwa mratibu"), aupeleke kweli, nasi tukujulishe. Asiyeripoti ujumbe kama huo ana kesi ya kujibu hata kama ndani yake hamna kibaya.

Ukikuta kwenye simu ya mtoto picha za utupu, zake au alizotumiwa, usizifute na usizisambaze. Wazazi wengi huwatumia shangazi na wajomba ili "waone wenyewe". Picha za kingono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kila anayezituma mbele anaongeza madhara kwa mtoto yuleyule. Izime simu, iweke, uipeleke polisi ilivyo.

Picha za mwanangu zitaishia Instagram?

Ukisema hapana, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo tunataka ridhaa ya maandishi, na unaweza kuiondoa wakati wowote. Fomu ina visanduku vitatu tofauti: picha za ndani ya programu, picha za mitandaoni, na picha za wafadhili. Wengine wanaridhia ya kwanza tu, na mtoto wao hanyimwi chochote kwa hilo.

Hata ukiridhia, hatuweki jina kamili, shule wala mtaa anaoishi, hatupigi picha wakiogelea au wakibadilisha nguo, na hatuweki picha mitandaoni kabla watoto hawajaondoka uwanjani. Tunazotumia ni kamera na simu za ofisi. Ombi kwenu: siku ya mashindano, mkipiga picha za timu nzima, msiziweke hadharani. Yumo mtoto ambaye familia yake ina sababu nzito ya kutotaka ajulikane alipo.

Nani anaweza kumchukua mtoto?

Watu unaowaandika kwenye fomu, wasiozidi wanne, kila mmoja na picha na namba ya kitambulisho. Anayechukua anasaini na kuandika saa. Dereva wa bodaboda wenu wa kila siku ni mtu kama wengine: hayumo kwenye fomu, haondoki na mtoto. Kauli ya "nimetumwa na mama yake" haitoshi, na mtoto kumkimbilia kwa furaha hakutoshi pia.

Dharura ikitokea, piga simu kwa namba yako iliyosajiliwa, taja jina la anayekuja na neno la siri uliloandika siku ya usajili. Neno hilo lisiwe jina la mtoto wala la mtaa wenu.

Ukichelewa, watu wazima wawili hubaki na mtoto. Baada ya dakika 30 tunapiga namba zote za fomu, na tunarudia kila robo saa. Ikipita saa moja na nusu bila mtu kupatikana, tunamjulisha mtendaji wa mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu. Tusichokifanya ni kocha kumpeleka mtoto nyumbani kwake au kumpakia kwenye gari lake wakiwa wawili. Usiku umeingia, mvua inanyesha, kocha anaishi njia hiyohiyo: bado hapana.

Wazazi mliotengana: hatuwezi kumzuia baba au mama kwa neno la mwenzake tu. Ukiwa na amri ya mahakama tuletee nakala, tutaifuata ilivyoandikwa.

Wakisafiri na kulala nje?

Fomu ya safari inakufikia angalau siku 10 kabla, ikiwa na mahali pa kulala, majina ya wasimamizi na aina ya usafiri. Wasichana na wavulana hulala vyumba tofauti, na watu wazima hulala chumba chao, karibu na si humohumo. Kitanda kimoja, mtoto mmoja. Wenyeji wakitutaarifu dakika ya mwisho kwamba nafasi imepungua, timu inarudi au haiendi. Kulala kwenye nyumba za familia wenyeji tumeacha kabisa.

Mwanangu ni mtundu. Mkimchapa mimi sina neno.

Tunashukuru kwa imani, lakini hatuchapi, hata ukiandika barua. Viboko vya shuleni vina kanuni zake, zinazompa mamlaka mkuu wa shule na kuweka kikomo cha viboko vinne. Sisi si shule na hakuna anayetupa ruhusa hiyo. Vilevile hakuna kupiga magoti juani, kuruka kichura, kunyimwa maji, wala kuitwa mjinga mbele ya wenzake. Mtoto anayezoea kuadhibiwa mwili na kila mkubwa anayepita hujifunza kwamba mkubwa ana haki na mwili wake, na huyo hatasema siku akishikwa vibaya.

Utaratibu wetu ni onyo, kisha kukaa nje ya mchezo dakika 10, kisha mazungumzo nawe, na kwa makosa makubwa kusimamishwa wiki mbili. Kwa mtoto anayependa mpira, zile dakika 10 zinauma.

Mtoto akimweleza mwezeshaji siri, mtaniambia?

Kwa kawaida ndiyo, siku hiyohiyo. Lakini tuwe wakweli: kama anayelalamikiwa yumo nyumbani, tunaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kukuambia wewe. Hilo linawakera wazazi, na tunaelewa. Sababu ni kwamba taarifa ikifika nyumbani kwanza, mtoto hushinikizwa abadilishe maneno, au asubuhi anapandishwa basi kwenda kwa bibi.

Wawezeshaji wamefundishwa wasimwahidi mtoto kwamba hawatamwambia mtu. Wanamwambia: "Nitawaeleza wale tu wanaoweza kukusaidia."

Nina shaka, lakini sina ushahidi. Nisije nikamharibia mtu jina.

Kutafuta ushahidi si kazi yako. Sheria ya Mtoto inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuijulisha mamlaka ya serikali ya mtaa. Sheria inasema taarifa, haikudai uthibitisho. Kuna tofauti kati ya kuripoti na kutangaza. Kuripoti ni kumwambia msimamizi wetu wa ulinzi wa mtoto, afisa ustawi wa jamii, au kupiga 116. Kutangaza ni kuandika kwenye kundi la wazazi. La pili ndilo linaloharibu majina, na linampa mhusika muda wa kujipanga.

Andika ulichokiona kwa macho: siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa. "Jumamosi saa 11 jioni, alimfungia ndani ya stoo ya mipira, mlango ulifungwa kama dakika tano" ni taarifa. "Yule simwelewi" tutaipokea pia, lakini tutakuuliza umeona nini.

Mwanangu ameniambia kuna mtu amemfanyia kitendo kibaya. Nifanye nini sasa hivi?

Msikilize. Usimkatize, usimfokee, usiulize "kwa nini hukusema mapema" au "ulikuwa umevaa nini". Mwambie unamwamini na kwamba hana kosa. Uliza maswali machache tu yaliyo wazi: nini kilitokea, lini, nani. Usimpe jibu mdomoni ("alikushika hapa, sivyo?") na usimrudishe asimulie mbele ya baba, kisha bibi, kisha jirani. Kila anaporudia, maneno hubadilika kidogo, na mahakamani tofauti hizo ndizo wakili anazozishika.

Ikiwa ni ukatili wa kingono na umetokea siku za karibuni, muda una thamani kubwa:

1. Asiogeshwe, asisafishwe, asibadilishwe nguo. Kama ameshabadilisha, nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Kila nguo iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi, kwa mfano bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu, na unyevu unaharibu ushahidi.

2. Nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa. Baadhi zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Kama hakuna, anza na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi upate PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali. Mtoto akivuja damu au akiwa na maumivu makali, matibabu kwanza, PF3 itafuatwa na mtu mwingine.

3. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Hunywewa siku 28 bila kuruka. Kwa msichana aliyevunja ungo, dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Uliza kwa jina kama hujapewa. Zamu ya usiku husahau.

4. Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, saa 24, nao watakuunganisha na afisa ustawi wa jamii wa eneo lako. Hatari ikiwa inaendelea muda huo, piga 112.

5. Kisha utupigie sisi, kama mhusika ni wa programu au mtoto alikuwa kwetu.

Siku zimepita, wiki zimepita? Bado nenda. Vipimo vya magonjwa, ushauri nasaha na kesi yenyewe havifungwi na saa 72.

Usimwendee mtuhumiwa, wala usiwatume vijana wa mtaani. Akipigwa, kesi zitakuwa mbili, na mojawapo ni yako.

Hakuna aliyeona. Neno la mtoto peke yake litasimama?

Linaweza. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la kingono kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Na ushahidi katika kesi hizi husikilizwa faragha, si mbele ya umati. Ndiyo maana tunasisitiza mtoto asifundishwe maneno. Mtoto aliyekaririshwa husikika amekaririshwa.

Nikisharipoti kwenu, kinafuata nini?

Siku hiyohiyo mhusika anaondolewa kwenye kazi yoyote inayomkutanisha na watoto. Kuondolewa huko si hukumu. Ndani ya saa 24 msimamizi anapeleka taarifa ya maandishi kwa afisa ustawi wa jamii, na kwa polisi kama ni kosa la jinai. Faili linafungiwa, na wanaolisoma ni watu watatu. Wewe unapewa jina la afisa anayeshughulikia na tarehe ya kupigiwa simu, hata kama hakuna jipya.

Hatufanyi upelelezi. Hatuwakutanishi mtoto na mtuhumiwa "waseme ukweli mbele ya wazee". Vikao vya namna hiyo ndivyo vinavyozima kesi nyingi: mtoto anamwona aliyemtisha, ananyamaza, na ukimya wake unaandikwa kuwa amekana.

Familia mbili zikielewana, haiwezekani kumalizana kinyumbani?

Hapana, na kama tunajua, tutaripoti hata mkikataa. Fidia hulipwa kwa wazazi. Mtoto anabaki akimwona mtu yuleyule akipita njiani, na mtu yuleyule anajua bei. Adhabu ya kubaka mtoto ni kifungo kisichopungua miaka 30, na maisha kama mtoto ana umri wa chini ya miaka 10; ndiyo maana upande wa pili huwa na haraka ya kuleta wazee na bahasha. Mbali na hapo, kuna ambayo tunaweza kuyazungumza: kocha aliyefoka, mtoto aliyesukumwa, wivu wa namba kwenye timu. Hayo tutakaa mezani na chai.

Je, mtu akisingiziwa?

Hutokea, ingawa mara chache. Ndiyo sababu kuondolewa kwa muda hakutangazwi, na matokeo yakimsafisha anarudi kazini na wazazi walioambiwa wanaandikiwa. Mtoto aliyeripoti haadhibiwi kwa sababu shauri halikuthibitika. Kutothibitika si sawa na uongo.

Na watoto wakifanyiana wenyewe?

Uonevu, kupigana, kushikana sehemu za siri kwa mzaha au kwa nguvu: vyote vinaripotiwa kwa msimamizi. Tunawatenganisha, tunazungumza na kila mmoja peke yake, na tunaita wazazi wa pande zote. Anayefanya vitendo vya kingono vilivyozidi umri wake tunamwangalia kwa makini pia, kwa kuwa huenda naye kuna aliyemfanyia. Atapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii apate msaada, na hatabaki kundi moja na aliyemuumiza.

Mtoto wangu ana ulemavu na anahitaji kusaidiwa chooni.

Tuandikie mpango wa msaada kabla ya siku ya kwanza: anasaidiwa nini, na nani, kwa maneno au ishara gani. Wanaomsaidia ni wawili waliotajwa kwa jina, na mtoto mwenyewe anaulizwa kama anawaridhia. Kwa asiyesema, tunahitaji kujua anaonyeshaje "sitaki", na akibadilika ghafla (kujikojolea, kukataa kuja, kumwogopa mtu mmoja) hatusemi "ndiyo hali yake".

Ninayemlalamikia ndiye msimamizi wa ulinzi mwenyewe.

Nenda kwa mjumbe wa bodi ambaye namba yake iko nyuma ya fomu ya usajili, au tuache kabisa uende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au 116. Huhitaji ruhusa yetu, na mtoto wako hatapoteza nafasi.

Ndugu zetu wako Zanzibar na Mombasa. Kanuni ni hizihizi?

Zanzibar ina Sheria ya Watoto yake, Nambari 6 ya mwaka 2011, na njia ya karibu ni sheha au ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Kenya inatumia Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Namba 116 inafanya kazi Zanzibar, Kenya na hata Uganda, kila nchi na kituo chake.

Nimebadilisha namba ya simu. Inatosha kumwambia kocha?

Haitoshi. Njoo ofisini Jumamosi kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi na kitambulisho, ujaze upya ukurasa wa mawasiliano. Ni kama dakika tano. Namba iliyokufa ndiyo kasoro tunayoikuta zaidi kwenye mafaili, na tunaigundua saa 12 jioni, mtoto akiwa amekaa barazani.